Simfonia katika Nafasi Thelathini

Tarehe 23 Oktoba 2001 kampuni ya Apple ya Marekani ilionyesha watu chombo cha muziki kiitwacho iPod, kinachoenea katika kiganja, chenye uwezo wa kuhifadhi gigabaiti 5. Sifa yake ilitangazwa kwa maneno machache: nyimbo elfu moja mfukoni. Wengi walistaajabia ile elfu moja. Wachache, hasa wale waliokuwa wamekusanya santuri na sidii za muziki wa klasiki wa Ulaya kwa miaka mingi, walisimama kwenye neno lile jingine. Walijiuliza wimbo ni nini. Je, simfonia ya tano ya Beethoven ni wimbo mmoja au nyimbo nne? Na opera ya Wagner iliyokatwa vipande vingi katika sidii, kila kipande ni wimbo? Na mwenyewe ni nani: aliyeitunga, aliyeiongoza, au waliopiga vyombo? Maswali hayo yaonekana madogo, na mtu mwenye haraka aweza kuyacheka. Walakini kwa kukosa majibu yake makusanyo ya umri mzima yalivurugika, tena mikononi mwa wenyewe waliodhani kwamba wanayaokoa.

Utaratibu wa kuupanga muziki huu haukuanza na kompyuta. Mwezi wa Februari 1784 Mozart, akiwa Vienna, alifungua daftari akaanza kuandika humo kila kazi aliyoimaliza. Ukurasa wa kushoto ulipokea tarehe, aina ya kazi na vyombo vyake. Ukurasa wa kulia ulipokea noti chache za mwanzo wa muziki wenyewe. Aliendelea hivyo hata mwaka 1791 alipofariki, na kurasa zilizokwisha kupigwa mistari zikabaki tupu. Busara ya daftari lile ni katika ule ukurasa wa kulia. Jina laweza kufanana na jina, kwani sonata zote huitwa sonata. Lakini noti za mwanzo ni kama uso wa mtu.

Daftari hilo lilishika miaka ya mwisho tu. Kazi za utoto na ujana wa Mozart zilikuwa zimetapakaa, nyingine zikiwa katika nakala za watu wengine, nyingine zikibeba jina lake bila haki. Aliyejitwika mzigo wa kuzikusanya ni Ludwig von Köchel, Mwaustria aliyesomea sheria, akafundisha wana wa jamaa ya kifalme, na ambaye faragha yake aliitumia kwa elimu ya mimea na mawe. Labda si ajabu kwamba mtu aliyezoea kutofautisha jani na jani ndiye aliyeweza kutofautisha minueti na minueti. Orodha yake ilichapwa Leipzig mwaka 1862, ikifuata mpango wa tarehe kutoka namba 1 hadi namba 626, ambayo ni ile misa ya wafu iliyomshinda Mozart kuimaliza. Tangu hapo kazi ya Mozart ilipata kitu ambacho jina peke yake halikuweza kuipa, yaani anwani.

Wengine walifuata. Wolfgang Schmieder aliorodhesha kazi za Bach mwaka 1950, miaka 200 baada ya kifo cha mtunzi huyo. Naye hakufuata tarehe bali aina, akiweka kantata mbele. Otto Erich Deutsch alimshughulikia Schubert mwaka 1951, na Anthony van Hoboken alianza kutoa orodha ya Haydn mwaka 1957. Si kwamba anwani hizo zilidumu zote bila kuhama. Toleo la orodha ya Köchel lililotengenezwa na Alfred Einstein mwaka 1937 lilisogeza kazi nyingi kwa kufuata uchunguzi mpya wa tarehe, hata sonata ya piano iliyokuwa namba 331 ikaitwa pia 300i. Simfonia ya Dvořák iitwayo ya Ulimwengu Mpya ilijulikana muda mrefu kama ya tano, na leo ni ya tisa. Msomaji wa vitabu huvumilia mambo hayo, kwa sababu kitabu kina nafasi ya kueleza kwamba kitu kimoja kina majina mawili.

Santuri nayo ilikuwa na shida yake. Upande mmoja wa santuri ya zamani, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua dakika nne au tano tu. Arthur Nikisch na Okestra ya Filamonia ya Berlin waliporekodi simfonia ya tano ya Beethoven mwaka 1913, kazi hiyo ilikatwa ikaenea pande nane. Basi wauzaji walizifunga santuri za kazi moja pamoja katika majalada yenye mifuko, mfano wa vitabu vya kuwekea picha, nayo majalada hayo yakaitwa albamu. Mwaka 1909 kampuni ya Odeon ilikuwa imekwisha kutoa hivyo muziki wa Tchaikovsky kutoka ngoma ya Nutcracker, katika santuri nne. Jambo hili halina budi kukumbukwa, kwa sababu lina kejeli ndani yake: albamu ilistawi ili kazi ndefu isipotezane na viungo vyake, na miaka mia moja baadaye neno lile lile ndilo lililotumika kuitawanya. Santuri ndefu ya mwaka 1948 na sidii ya mwaka 1982 zilirefusha muda, na kazi mbili au tatu zikakaa kwenye sahani moja. Wachapaji walipenda mno kuoanisha kazi za piano na okestra za Grieg na Schumann. Jalada moja, watunzi wawili. Nani atawekwa mbele katika kabati? Mwenye kabati aliamua mwenyewe, na jicho lilimsaidia.

Kabati lilipohamia ndani ya kompyuta, jicho lilikosa kazi. Sidii za kwanza zilibeba sauti na hesabu ya vipande na nyakati zake, hazikubeba majina. Katika miaka ya 1990 lilianzishwa katika intaneti daftari la ushirika lililoitwa CDDB. Kompyuta iliitambua sidii kwa urefu wa vipande vyake, ikaleta majina ambayo mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameyaandika kwa hiari. Kwa nyimbo za kawaida mpango huo ulitosha, maana mwandishi alinakili jalada tu. Kwa muziki wa klasiki kila mtu aliandika alivyopenda. Mmoja alimweka Beethoven mahali pa mwimbaji, mwingine alimweka kiongozi wa okestra, wa tatu aliiweka okestra. Tchaikovsky aliandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, ya Kijerumani na ya Kifaransa, naye akawa watu watatu wasiojuana. Handel hakusalimika.

Lakini chanzo kikubwa cha uharibifu kilikuwa kidogo sana: baiti 128. Faili za MP3 zilipoanza kuenea hazikuwa na mahali maalumu pa kuandikia majina, na mwaka 1996 Eric Kemp alibuni lebo iliyobandikwa mwishoni mwa faili, ikaitwa ID3. Mgao wake ulikuwa huu: nafasi 3 za alama ya kuitambulisha, 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya aina ya muziki, iliyoandikwa kwa namba. Mtunzi hakupewa hata nafasi moja. Muziki wa klasiki wote ulipewa namba 32, hivyo Palestrina wa karne ya 16 na Stravinsky wa karne ya 20 wakalazwa kitanda kimoja.

Jina la Kiingereza la simfonia ya tisa ya Beethoven, kama lilivyozoeleka kuandikwa, ni “Symphony No. 9 in D minor, Op. 125”. Mtu akizihesabu herufi, nukta na nafasi tupu, ya thelathini huangukia kwenye nukta iliyo baada ya “Op”. Namba 125 yenyewe hukatwa, na neno la kuitangulia hubaki limesimama kama mlango wa nyumba iliyobomolewa. Wala jina la sehemu ya simfonia halikupata pa kukaa. Mahali pa mwimbaji palikuwa hivyo hivyo: Royal Concertgebouw Orchestra huchukua nafasi 29, na ile moja iliyosalia haimtoshi kiongozi yeyote. Si haki kumlaumu Kemp. Alitengeneza lebo kwa ajili ya nyimbo alizozijua yeye na wenzake, nayo iliwafaa. Lawama, kama ipo, ni ya wafanya biashara waliojenga vyombo vyao vya mfukoni juu ya mpango huo bila kuuliza.

Vyombo vyenyewe mwanzoni havikuwa na tamaa ya kubeba simfonia. Rio PMP300 ya mwaka 1998 ilikuwa na megabaiti 32, ambazo kwa kiwango cha kawaida cha siku zile zilichukua muziki wa nusu saa na ushei. Simfonia ya tisa yapita saa moja. iPod ndiyo iliyofungua mlango. Mwenye sidii mia kadhaa alizihamisha usiku na mchana, kisha akafungua orodha yake akakuta mamia ya vipande viitwavyo “Allegro”, vyote vimefuatana kwa alfabeti, visivyo na baba. Simfonia za Haydn ni 104 kwa hesabu iliyozoeleka; chombo kilichosoma herufi badala ya hesabu kiliiweka ya 104 kabla ya ya 2.

Mwaka 1998 lilikuwa limetoka toleo la pili la lebo ya ID3, lenye mahali pa mtunzi na pa kiongozi, bila ule ukomo wa nafasi thelathini. Mtunzi alipata mlango wake katika orodha za iPod pia. Lakini kuandikwa ni jambo moja na kuonyeshwa ni jingine. Chombo kilipomfikia mtunzi kilionyesha albamu au vipande. Neno kazi, ambalo Köchel alilihangaikia, hakikulijua. Basi wakusanyaji walianza hila. Wapo waliomwandika mtunzi mahali pa mwimbaji, jina la ukoo likitangulia. Hapo Bach alirudi nyumbani, ila waliompiga walifutika. Mpenda opera hakuikubali hila hiyo hata kidogo, kwani yeye humtafuta Maria Callas kwanza na Bellini baadaye. Wapo walioivunja albamu, kila kazi ikawa albamu yake. Hii ndiyo iliyokuwa hila bora, nayo ilirudisha neno kwenye maana yake ya kale. Lakini iliwadai kuandika upya kwa mkono majina ya maelfu ya vipande, jioni baada ya jioni.

Hata zile nafasi nne za mwaka zilizua ubishi. Glenn Gould alirekodi Goldberg Variations za Bach mara mbili, mwaka 1955 na mwaka 1981. Mtunzi ni yule yule, kazi ni ile ile, mpigaji ni yule yule, na kinachozitenganisha ni umri wa mtu: rekodi ya kwanza huchukua kama dakika 38, ya pili kama dakika 51. Basi mwaka upi uandikwe? Bach aliichapisha kazi hiyo mwaka 1741. Rekodi ya kwanza iliuzwa mwaka 1956, na pengine sidii iliyonakiliwa ilitolewa miaka mingi baadaye. Daftari lililojazwa na watu wengi lilichagua tarehe ya sidii, yaani ile isiyomfaa mtu.

Kisha kulikuwa na ukimya. Faili ya MP3 hujengwa kwa mafungu ya vipimo 1,152 vya sauti, na fungu la mwisho lisipojaa hujazwa kwa kimya. Mwanzoni pia huongezwa kidogo. Kati ya nyimbo mbili hakuna anayetambua. Lakini katika simfonia ya tano ya Beethoven sehemu ya tatu haikomi: ngoma hunong'ona, sauti hupanda, na sehemu ya nne hulipuka bila pumzi. Pale pale chombo kilikata. Das Rheingold ya Wagner, ambayo huendelea saa mbili na nusu pasipo mapumziko, ilikatika kila dakika chache. Waliochoka waliunganisha kazi nzima kuwa faili moja, wakapoteza njia ya kuirukia sehemu waitakayo. iPod ilipata kucheza bila pengo mwezi wa Septemba 2006 tu, miaka mitano baada ya kuzaliwa.

Wenye subira ndogo na maarifa mengi walirudia njia ya kabati. Vyombo vya Archos vilionyesha folda kama zilivyo katika kompyuta, na watu walizipanga kwa mtunzi, kisha aina, kisha kazi, kisha wapigaji, namba zikiandikwa 002 ili zisitanguliwe na 104. Programu ya bure ya Rockbox, iliyoanzishwa kwa ajili ya vyombo hivyo, ilimruhusu mwenye chombo aamue mwenyewe orodha zifuatane vipi. Faili za FLAC nazo ziliruhusu kila mtu kubuni mahali pa kuandikia kitu chochote apendacho. Folda ilikuwa njia ya kizamani, wala haikuwa na urembo, lakini haikumlazimisha mtu kusema uwongo juu ya kile alicho nacho.

Apple ilitoa mahali pa kazi na pa sehemu zake katika programu ya iTunes mwezi wa Septemba 2016. Wakati huo iPod yenye diski kubwa ya gigabaiti 160, iliyopendwa kuliko zote na wakusanyaji hawa, ilikuwa imekwisha ondolewa sokoni miaka miwili nyuma. Iliyosalia katika jamii ya iPod ilikoma kutengenezwa mwaka 2022, na mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ilifungua huduma ya pekee ya muziki wa klasiki, ambamo kazi hutafutwa kwa mtunzi, kwa mpigaji na hata kwa namba ya orodha; ila muziki huo hukodishwa. Wapo wanaoshika bado vyombo vyao vya zamani, wakivitoa diski zilizochoka na kutia kadi mpya. Na kwa kuwa programu nyingi ziliandika lebo mpya mwanzoni mwa faili bila kuifuta ile ya kale, mwishoni mwa faili hizo, katika baiti 128 za mwisho, simfonia ya tisa ingali imeishia kwenye “Op.”.