Sarafu ya 1804 haikutengenezwa 1804

Wasee, leo ninaanza na aibu yangu, halafu tuingie historia.

Shosho wangu hapa Njoro ana kikopo cha sarafu za kitambo. Nyingi ni ndururu za mkoloni, zile zenye tundu katikati na pembe za ndovu kandokando. Jamaa mmoja mtandaoni aliniambia kila moja ni laki mbili, bora nitume 1,500 za "kusajili". Nikatuma. Akapotea.

Baada ya kuliwa hiyo doo, nikajiuliza: kwani kuna sarafu nzee yenye bei ya hivyo kweli? Ipo, na inatuhusu.

Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walitaka pembe za ndovu na sandarusi. Wao walituletea kitambaa ambacho tunakiita merikani hadi leo.

Roberts alirudi Muscat 1835 na zawadi, ikiwemo seti ya sarafu. Shida ni kwamba kiwanda cha Philadelphia kilikuwa kimeacha kutengeneza dola za fedha miaka mingi. Vitabu vyao vilionyesha mwaka wa mwisho ni 1804. Basi 1834 wakatengeneza mpya na kuziandika 1804!

Dola hizo zinazojulikana duniani ni 15 tu, nyingine zikiwa zilitengenezwa baadaye zaidi. Moja, inayobeba jina la Sultani wa Muscat, iliuzwa mnadani 2021 kwa dola milioni 7.68. Kwa pesa zetu wakati huo, ni zaidi ya milioni 800.

Na si hiyo peke yake inayodanganya. Riali ya Maria Theresa, fedha ya Austria iliyotumika sana pwani, imeandikwa 1780 hata kama ilitengenezwa miaka mia moja baadaye.

Maoni yangu ni haya. Wakusanyaji wanapenda sana kusimulia masultani na minada. Wapagazi waliobeba zile pembe hadi baharini, wengine wakiwa watumwa, hawatajwi. Baadaye misafara ya pembe ilifika hata huku Bonde la Ufa, ikielekea Baringo. Mkoloni naye akaja akachora pembe hizo hizo kwenye ndururu.

Nilimrudishia shosho kikopo na kumwambia ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akachukua ndururu moja moja, akanieleza kila moja ilikuwa inanunua nini dukani. Nilikuwa nimekaribia kuuza hizo sarafu kabla sijamuuliza hata swali moja.

Kwenu kuna kikopo? Uliza kwanza. Na pesa ya "kusajili" usitume, manze.