Taa Itammulika Nani Ujiji?

Juma hili mazungumzo yetu yanahusu mitambo inayoongoza taa, sauti na vishindo vya maonyesho bila mtu kugusa swichi. Huenda ukauliza habari hizo zinahusiana vipi na historia, tena historia ya Ujiji. Zinahusiana, na sana.

Mwezi Novemba mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipoukaribia mji wa Ujiji na msafara wake uliotoka Bagamoyo, hakuingia kimyakimya. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwaamuru watu wake washindilie bunduki. Bendera ya Marekani ikatangulia mbele, ya Zanzibar ikawekwa nyuma. Akahesabu moja, mbili, tatu, na bunduki zipatazo hamsini zikalia kwa pamoja. Wenyeji wakatoka majumbani mbio kwenda kutazama. Lile lilikuwa onyesho lililopangwa, lenye rangi zake, mlio wake na wakati wake. Aliyetoa ishara alikuwa mtu mmoja, na ndiye huyo huyo aliyekwenda kuandika kitabu. Hadi leo dunia inaukumbuka mkutano ule kama alivyoupanga yeye.

Katika kila onyesho swali la kwanza ni hilo: nani anatoa ishara? Watazame majirani zetu wa Burundi, ambao ngoma zao za kifalme zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2014. Katikati husimama ngoma iitwayo Inkiranya, na hiyo ndiyo kiongozi. Zile za Amashakwe hushikilia pigo moja lisilokatika, nazo za Ibishikizo humfuata kiongozi kila anapogeuza mdundo. Mpiga Inkiranya ana macho. Akiona mchezaji amepandisha mori, humwachia; akiona amechoka, humpokea.

Lakini binadamu ametamani tangu zamani kupata kiongozi asiye na macho, asiyechoka wala kusahau. Yapata karne ya kwanza baada ya Kristo, katika mji wa Alexandria huko Misri, mtaalamu wa Kiyunani aliyeitwa Heron aliandika namna ya kutengeneza jukwaa dogo linalojiendesha. Kitu kizito kilishuka polepole, kikavuta kamba zilizozungushiwa mihimili, na kamba hizo zikafungua milango na kusogeza vinyago kwa zamu. Ngurumo ya radi ilipatikana kwa kuangusha vipira vya madini juu ya ngozi iliyowambwa. Ukitaka kubadili hadithi, ilibidi uzungushe kamba upya.

Tuvuke karne nyingi hadi Ufaransa, mwaka 1952. Paul Robert-Houdin, msimamizi wa kasri la Chambord, alianzisha maonyesho ya namna mpya. Hapakuwa na mwigizaji hata mmoja. Watazamaji walikaa gizani mbele ya jengo, sauti zilizorekodiwa zikawasimulia historia yake, na taa zikawaka na kuzimika dirisha moja baada ya jingine kufuata maneno. Mchezo huo ukaitwa sauti na mwanga, ukaenea duniani kama moto wa kiangazi. Mwaka 1961 ulifika kwenye mapiramidi ya Giza, na Sphinx, lile sanamu la jiwe, likapewa sauti ya kusimulia habari za mafarao. Katika pwani yetu, Fort Jesus ya Mombasa nayo imewahi kuwa na maonyesho ya aina hii, wageni wakipokewa kwa mienge ya moto na kusimuliwa mambo ya Wareno na Waomani ndani ya kuta ambazo ujenzi wake ulianza mwaka 1593.

Je, mtambo unajuaje wakati wa kuwasha taa? Siri yake si kubwa. Simulizi huwekewa saa ya ndani, inayohesabu saa, dakika, sekunde na vipande vya sekunde. Hapo zamani alama hizo zilirekodiwa kwenye mkanda, kando ya sauti, watazamaji wasizisikie. Siku hizi kompyuta ndiyo inayoitunza saa hiyo. Fundi huandika, tuseme, kwamba ikifika dakika ya nne na sekunde kumi, taa ya kushoto iwe nyekundu, moshi utoke na sauti ya ngoma ipande. Amri za taa hupita katika waya kwa lugha iitwayo DMX512, iliyokubaliwa na mafundi wa Marekani mwaka 1986 ili taa za makampuni mbalimbali zipate kusikilizana. Waya mmoja hubeba njia 512, na kila njia hupokea namba kuanzia 0 hadi 255. Sifuri ni giza, 255 ni mwanga wote. Namba nyingine huigeuza taa shingo au kuibadili rangi. Taa za kugeuka zenyewe namna hiyo zilionekana mwaka 1981 katika ziara ya bendi ya Genesis ya Uingereza, na leo matamasha makubwa hayaendi bila hizo.

Faida yake ni dhahiri. Fundi mmoja hufanya kazi iliyohitaji watu kumi, na onyesho la Jumamosi halipishani hata nukta na la Jumatatu. Lakini hapo hapo ndipo penye mtego. Kinachosemwa na mtambo leo kitasemwa kesho, na mwakani, kwa sauti ile ile, bila mtu wa kuukatiza na kuuliza swali. Mzee anayesimulia chini ya mti akikosea, kikongwe wa pili humsahihisha pale pale. Mtambo haukosolewi. Taa yake ikimwangukia mtu fulani, huyo ndiye historia. Aliyeachwa gizani ni kana kwamba hakuwapo.

Sasa turudi Ujiji. Pale penye mnara wa kumbukumbu na miembe yake, mgeni huoneshwa sanamu za Stanley na Livingstone wakisalimiana kwa kuvua kofia, na macho yake huenda moja kwa moja kwa hao wawili. Hata zile salamu maarufu zina utata wake, kwa kuwa kurasa za siku ile katika daftari la safari la Stanley zilichanwa. Tarehe 10 Novemba nayo ni hesabu ya Stanley, na wapo wanahistoria wanaoipinga. Iwapo siku moja patawekwa maonyesho ya sauti na mwanga mahali hapo, jambo rahisi litakuwa kuwasha taa mbili na kucheza rekodi ya milio ya bunduki. Watalii watapiga makofi na kwenda kulala.

Lakini nani alikuwa wa kwanza kumlaki Stanley siku ile? Alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, mwenyeji wa Shupanga kwenye mto Zambezi. Ndiye aliyekimbia kumpasha bwana wake habari. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na mwenzake Chuma ndio waliouongoza msafara uliobeba maiti yake kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Je, Susi atapata taa?

Na kwa nini Livingstone alikuwapo Ujiji? Mwezi Julai 1871 alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, akashuhudia wafanyabiashara wa utumwa wakiwapiga risasi watu sokoni, mamia wakafa, wengi wao wanawake. Akarudi Ujiji mgonjwa na amevunjika moyo, akakuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa na aliyekabidhiwa. Watumwa walivushwa kwa mitumbwi kutoka ng'ambo hiyo, wakashuka ufukweni Ujiji, wakaanza kutembea kuelekea Tabora na pwani. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo, Ujiji ikiwamo, katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kwa UNESCO. Watu hao hawakuacha daftari. Wasipoandikiwa dakika zao katika mtambo, gizani watabaki.

Yapo pia mambo ya ufundi yasiyosamehe. Mkoa wa Kigoma uliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, na gridi ya taifa ilianza kuufikia mwaka 2022. Umeme ukikatika ghafla, saa ya mtambo hukatika nayo, kwa hiyo betri za akiba ni lazima. Mafundi nao wanahitajika. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa, kimefundisha vijana wengi kazi za jukwaa, na wa Kigoma wanaweza kujifunza huko. Fundi akitoka mbali, kila taa ikiharibika atasubiriwa kama mvua.

Tena si lazima mtambo uachiwe usukani wote. Kompyuta hizo hizo hukubali kusubiri. Amri hupangwa kwa mfuatano, kisha mtu huketi na kubonyeza kitufe kila wakati wake ufikapo. Hapo msimulizi hai anaweza kusema, mgeni akauliza, ngoma ya Kiha ikalia mikononi mwa wapigaji wenyewe, na taa zikawafuata wao. Huko ndiko kuurudisha uongozi kwa mwenye macho, kama yule wa Inkiranya.

Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kununua taa hata moja, waitwe kwanza wazee wa Ujiji, walimu wa historia, wavuvi na wajukuu wa waliopita njia ile, waandike simulizi na kulijadili hadi wakubaliane nani asimame kwenye mwanga na kwa dakika ngapi. Taa hununuliwa dukani siku yoyote. Simulizi likishafungwa ndani ya mtambo, kulitoa ni kazi.