Nyumba Tupu za Zarina

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wafunge virago. Zarina Bhimji, mzaliwa wa Mbarara, alikuwa na miaka kama 9 tu. Mwaka 1974 familia yake ikahamia Uingereza. Alipokua akarudi Uganda na kamera. Filamu yake, Out of Blue, ilionyeshwa mwaka 2002 huko Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya Documenta 11 yaliyoongozwa na Mnaijeria Okwui Enwezor. Humo humwoni mtu: ni nyumba tupu, kambi za askari, kiwanja cha ndege, na sauti basi. Inauma, bwana! Sisi tunaojaribu kuandika hapa Babati tujifunze: usimwambie msomaji alie. Mwoneshe nyumba iliyohamwa.