Mlafi
Mlafi ni ndugu wa mroho: mtu apendaye kula kupita kiasi. Ni neno la lawama, na halimfai anayefakamia chapati baridi jikoni usiku wa manane, mlango kaufunga, njaa hana, tumbo limejaa hadi linauma, na bado hawezi kuacha. Mlafi hufurahia sahani yake. Huyu huionea aibu. Mwaka 2013, DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, uliutambua ulaji huu kuwa ugonjwa unaojitegemea: kufakamia bila kuweza kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, bila mazoea ya kujitapisha. Hata mwembamba huupata. Ukifika kwa daktari, usijiite mlafi. Mwambie: “Nikianza kula, nashindwa kuacha.”