Ukuta wa Ofisi ya Mzee Sharp

Kwa miezi kadhaa kuanzia Agosti 2009, watu kwa mamilioni waliingia na kutoka katika ofisi moja bila kujua kwamba ukuta wake mmoja ni wa uongo. Ofisi yenyewe haiko duniani. Iko ndani ya gemu la Batman: Arkham Asylum, katika hospitali ya wendawazimu iliyojengwa kisiwani, na mwenye ofisi ni mkuu wa hospitali hiyo, mzee mwenye makuu anayeitwa Quincy Sharp. Ukisimama mbele ya ukuta ule ukaupulizia jeli ya kulipua, ukarudia tena na tena, unabomoka. Nyuma yake kuna chumba kidogo, na chumbani mna michoro ya ujenzi: ramani ya gereza kubwa kama mtaa mzima wa mji. Gereza lina jina. Arkham City.

Hilo ndilo lililokuwa tangazo la gemu la pili. Watengenezaji, kampuni ya Rocksteady ya London, walilificha ndani ya lile la kwanza kabla nakala hata moja haijauzwa, na hakuna aliyelifumania. Batman ana uwezo wa kutazama kipelelezi, na akitazama hivyo kila ukuta dhaifu hung'aa mbele yake. Huu haukung'aa. Mwishowe ikabidi Rocksteady wenyewe watoke hadharani kuwaambia watu waende wakabomoe wapi.

Sijui ahadi nyingine katika biashara hii iliyotolewa kwa ukimya kama huo. Siku hizi gemu hutangazwa miaka mitatu kabla, kwa trela ya dakika mbili ambayo haionyeshi mchezo wenyewe, kisha huahirishwa, kisha huombewa radhi, na shabiki huwa amekwisha kulipa. Historia ya Arkham inaonyesha jinsi tulivyofika hapa, maana ndani yake kusubiri kwa kila namna kumo: kule kutamu, kule kwa kuuziwa, na kule kwa kuchoka.

Sisi watu wa hadithi za magazetini kusubiri si kugeni kwetu. Waliokulia kwenye kurasa za mfululizo wanakumbuka jinsi neno "itaendelea" lilivyokuja mara tu bastola inapotolewa. Waliomsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba walifunga kitabu wakijua kuwa jasusi yule yuko hai na atatumwa tena. Hamu ile ilijengwa na jambo moja tu, kwamba kitabu kilichotangulia kilikuwa kizuri. Magemu ya mashujaa wa vibonzo, kwa miaka thelathini, hayakuwa na msingi huo.

Superman alifika kwenye Atari mwaka 1979, akiwa vipande vichache vya rangi vinavyopaa. Mwaka 1986 Batman alipata gemu la heshima kwenye ZX Spectrum, kazi ya Waingereza wawili, Jon Ritman na Bernie Drummond. Lakini kadiri mashine zilivyokua ndivyo mashujaa walivyozidi kudhalilishwa. Mwaka 1999 Superman wa Nintendo 64 alipewa kazi ya kupita kwenye pete, moja baada ya nyingine, ndani ya ukungu mzito, na hadi leo jina lake hutajwa pale watu wanapotafuta mfano wa gemu bovu kupindukia.

Chanzo kilikuwa sinema. Gemu la shujaa lilikuwa bidhaa ya kusindikiza filamu, sawa na fulana au kikombe chenye picha, hivyo lilipaswa kuwa dukani siku filamu inapoingia, liwe limeiva au ni bichi. Yalikuwapo yaliyoponea chupuchupu: Spider-Man 2 la mwaka 2004, kazi ya Treyarch, lilimpa mchezaji New York nzima ya kuning'inia kwa utando, na wapo wanaoliapia mpaka sasa. Mengi yalisahaulika kabla bango la filamu halijabanduliwa.

Batman mwenyewe aliokolewa na gemu lililoshindwa kuzaliwa. Electronic Arts, waliokuwa na haki ya kutengeneza magemu yake, walikabidhi gemu la filamu ya The Dark Knight kwa kampuni ya Pandemic. Filamu ikatoka mwaka 2008, gemu halikutoka kamwe. Rocksteady, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2004 na Sefton Hill na Jamie Walker na yenye gemu moja tu la polisi wa kutuliza ghasia, ikapata kumtengeneza Batman bila filamu yoyote nyuma yake kumshika shati. Hapakuwa na tarehe ya sinema ya kukimbilia. Waliwachukua Kevin Conroy na Mark Hamill, sauti za Batman na adui wake mkuu, Joker, katika katuni za televisheni za miaka ya 1990, na mwandishi wa katuni hizohizo, Paul Dini. Wakamfungia Batman kisiwani na maadui zake wote, usiku mmoja.

Ilifanya kazi kwa sababu waliuliza swali ambalo wengine hawakuuliza: huyu mtu anaogopwa kwa nini? Wakajibu kwa mikono. Unajibanza juu ya sanamu la dari, wahuni sita wako chini na bunduki, unamchukua mmoja, watano wanaanza kutetemeka. Zile ngumi za kurukia kutoka kwa adui mmoja hadi mwingine bila kukatika zimeigwa na magemu mengi kiasi kwamba vijana wa leo hawajui zilitoka wapi. Guinness waliliingiza Arkham Asylum kwenye kitabu chao kama gemu la shujaa lililosifiwa na wahakiki kuliko yote yaliyolitangulia.

Kuna kisa kimoja cha wakati ule ambacho hupenda kuwasimulia wenzangu, kwa kuwa kinatugusa. Mchezaji mmoja wa kompyuta alilalamika hadharani kwamba Batman wake hapai. Akifungua joho anaanguka kama embe. Kampuni iliyouza gemu ikamjibu kwamba gemu halina kosa, kosa lililopo ni la maadili yake. Nakala yake ilikuwa feki, na watengenezaji walikuwa wameitegea mapema. Sisi tuliokuwa tukinunua sidii barabarani, zenye jalada la fotokopi, tulicheka kicheko cha aibu.

Nako vibandani kwetu, Batman hakupata kiti hata hivyo. Kibanda cha gemu huishi kwa mechi: dakika chache, pesa, anayefungwa ainuke. Huwezi kumwachia mtu mmoja pedi akazurura kisiwani kwa saa kumi huku benchi zima limekaa kumtazama. Kwa hiyo gumzo la mtaani lilikuwa la mpira, na aliyengoja Arkham City huku alingoja peke yake, chumbani.

Trela ya kwanza ilionyeshwa Desemba 2009, katika tuzo za magemu za televisheni ya Spike huko Marekani, miezi minne tu baada ya gemu la kwanza. Jina halikutajwa. Kulikuwa na Joker mgonjwa, Harley Quinn pembeni yake, na mitaa ya Gotham, mji wa Batman, imeshikwa na wafungwa. Februari 2010 Warner, kampuni inayommiliki Batman, wakanunua sehemu kubwa ya Rocksteady, ishara kwamba waliona dhahabu. Jina lenyewe lilitangazwa rasmi Agosti 2010, na hapo walioambiwa habari za ule ukuta wakapata la kujivunia mbele ya wenzao: jina walikwisha kulisoma, kwenye michoro ya mzee Sharp. Mzee huyo sasa amekuwa meya wa Gotham, na amezungushia ukuta sehemu ya mji na kumwaga wafungwa wote humo.

Mwaka mzima wa 2011 ukawa wa kudonolewa. Leo wanaonyeshwa Catwoman, mwezi ujao Penguin, kisha Hugo Strange anayejua siri ya Batman. Hamill akasema hii ndiyo mara yake ya mwisho kuwa Joker, nayo kauli hiyo ikafanya kazi kuliko matangazo yote, kwa sababu kila mtu alitaka kusikia anavyoaga. Gemu lilitoka Marekani tarehe 18 Oktoba 2011 na Ulaya siku tatu baadaye. Wahakiki walilipa zaidi ya alama 90 kwa 100. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya mara chache ambapo kilichongojewa kilifika kikiwa kikubwa kuliko hamu yenyewe.

Hata hivyo ndani ya boksi la gemu hilo mlikuwa na karatasi ndogo, na mimi nadhani karatasi hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa mambo tunayoyalalamikia leo. Ilikuwa na namba ya siri ya kufungulia sehemu za Catwoman. Namba hutumika mara moja. Aliyenunua gemu jipya aliipata. Aliyenunua mtumba alitakiwa kulipia, na asiye na intaneti alikosa kabisa. Sehemu ambazo kwa mwaka mzima zilikuwa zikionyeshwa kama nyama ya gemu zikageuka kuwa kitoweo cha mwenye kadi ya benki. Huku ambako diski nyingi za PlayStation 3 zilifika zikiwa zimekwisha kuchezwa Ulaya, Catwoman alibaki kuwa picha.

Mwisho wa gemu ulikuwa jambo jingine. Tumezoea kwamba stelingi hafi, na kwa vibonzo adui mkuu naye hafi, kwani akifa biashara ya mwezi ujao itauzwa na nani? Rocksteady walimuua Joker. Batman akatoka amembeba mikononi bila neno. Wachezaji wakabaki wametazama skrini, na swali likaanza usiku uleule: sasa hadithi itaendeleaje?

Jibu lilichukua karibu miaka minne. Katikati, mwaka 2013, kampuni nyingine ya Warner, ya Montréal, ilitoa Arkham Origins lenye sauti mpya kwa Batman na Joker, ambalo si baya, ila lilipokelewa kama mpishi wa zamu. Arkham Knight, la Rocksteady wenyewe, lilitangazwa Machi 2014 kwa ahadi ya mwaka huohuo. Likasogezwa hadi tarehe 2 Juni 2015. Likasogezwa tena hadi tarehe 23. Watu walivumilia, maana waliahidiwa gari la Batman, la kuendesha wenyewe.

Siku ilipofika, wenye PlayStation 4 na Xbox One walipata karamu. Wenye kompyuta walipata msiba. Gemu liliganda, lilikatika, na lilikuwa limefungiwa kasi ya picha 30 kwa sekunde hata kwa mwenye mashine ya bei mbaya. Siku moja baadaye Warner waliliondoa sokoni kwa upande huo, jambo ambalo ni nadra kampuni kubwa kulifanya. Lilirudi tarehe 28 Oktoba bado linachechemea, na walionunua wakaruhusiwa kurudishiwa fedha zao hadi mwisho wa mwaka.

Kuanzia hapo kusubiri kukawa kwa namna ya tatu. Rocksteady walinyamaza. Mwaka 2020 wakatangaza Suicide Squad: Kill the Justice League, likiahidiwa 2022, kisha 2023, likatoka Februari 2024: gemu la kurudiarudia, wakati huo likihitaji intaneti muda wote, ambamo mchezaji anatumwa kuwaua mashujaa, Batman akiwemo. Mei mwaka huo wamiliki, Warner Bros. Discovery, waliandika hasara ya dola milioni 200 kwa sababu yake. Hill na Walker walikuwa wameshaiacha kampuni waliyoianzisha. Kevin Conroy alikuwa amefariki tarehe 10 Novemba 2022, akiwa na miaka 66, na sauti yake ya buriani ikasikika ndani ya gemu ambalo wengi hawakulinunua.

Walikuwa na kipaji cha kuficha, hata hivyo, na hilo siwanyimi. Ndani ya Arkham City kuna mfungwa anayeitwa Calendar Man, ambaye husimulia kisa kipya kila ukimtembelea siku ya sikukuu fulani. Miaka mitatu baada ya gemu kutoka, wachezaji waligundua kwamba ukirudisha saa ya mashine yako hadi tarehe 13 Desemba 2004, siku Rocksteady ilipoanzishwa, mfungwa huyo anasema maneno mengine kabisa, ya mtu anayejua mwisho unakuja. Miaka mitatu yalikaa pale, yakimngoja wa kuyasikia.

Kama bado una diski ya Arkham Asylum kabatini, au unamjua jirani aliye nayo, nenda ofisini kwa mzee Sharp. Usitazame kipelelezi, hakutakusaidia. Puliza jeli, lipua, rudi nyuma. Usipofanikiwa mara ya kwanza, puliza tena.