Boksi la Moore

Nilikuwa mwaka wa tatu, niko field katika ofisi moja ndogo, nilipopewa kazi ya kujaribu sehemu ya malipo kwenye programu ya vikoba. Niliandika majaribio 40. Yote yakapita. Wiki iliyofuata mama mmoja muuza samaki alikatwa mchango wake mara mbili. Mtandao ulisita, akabonyeza "Lipa" tena. Kwetu ilikuwa kasoro moja kati ya nyingi, lakini kwake ilikuwa mtaji wa kesho yake alfajiri. Pesa zilirudi baada ya siku nne, na siku zote nne hakwenda mnadani.

Swali la tukio lile lilinifuata hadi uzamili: majaribio 40 yalikuwa machache, au yalikuwa mabaya?

Nilikuta kwamba swali hilo lina umri mkubwa kuliko wazazi wangu. Mwaka 1956, Claude Shannon na John McCarthy walihariri kitabu kiitwacho Automata Studies. Ndani yake kuna makala ya Edward F. Moore wa Bell Labs, kuhusu majaribio ya kufikirika tu. Tuseme umepewa boksi lililofungwa. Huruhusiwi kulifungua. Unaweza kubonyeza vitufe vyake na kusoma majibu yanayotoka. Je, utajua ndani kuna mashine gani?

Jibu lake linakatisha tamaa. Hata ufanye jaribio refu kiasi gani, ipo mashine nyingine, tofauti na hiyo, ambayo ingekupa majibu yaleyale. Itakwenda nawe sawasawa mpaka hatua yako ya mwisho, kisha hatua inayofuata ikageuka. Niliposoma hapo niliyakumbuka majaribio yangu 40, na mama yule aliyebonyeza mara moja zaidi.

Lakini Moore aliacha mlango wazi. Ukijua mapema kwamba mashine haina hali zaidi ya idadi fulani, na kwamba kutoka hali yoyote unaweza kufika nyingine yoyote, basi jaribio lenye mwisho linaweza kukuambia jinsi inavyofanya kazi. Kwa hiyo ujuzi kidogo kuhusu kilichomo ndani hukupa kile ambacho wingi wa kubonyeza hauwezi kukupa.

Watafiti waliofuata walipita katika mlango huo. M. P. Vasilevskii katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1973, na Tsun S. Chow mwaka 1978, waliandika njia zinazofanana. Kwanza chora modeli ya programu: duara kwa kila hali, mshale kwa kila kitendo. Tafuta njia ya kufika kila duara. Ukifika, bonyeza kila kitufe, hata kile ambacho mtu mwenye akili timamu asingekibonyeza. Halafu ulize maswali mafupi yanayotofautisha hali moja na nyingine, ili uthibitishe umetua ulipopaswa kutua. Majaribio hayatoki tena kwenye mawazo ya mtu mmoja aliyechoka. Yanatoka kwenye mchoro. Gharama yake ipo: kila hali ya siri unayoishuku huongeza urefu wa majaribio na kuyazidisha kwa idadi ya vitufe.

Mwaka 2000, Koen Claessen na John Hughes huko Sweden walitoa QuickCheck, chombo ambacho mtu hukiandikia sifa ambazo programu lazima izitimize, nacho hujitungia majaribio kwa bahati nasibu. Baadaye kikaunganishwa na modeli za hali. Mwaka 2011 Hughes na Hans Bolinder walieleza jinsi njia hiyo ilivyofichua kasoro katika dets, hifadhidata ya lugha ya Erlang, zinazotokea pale vitendo vinapogongana kwa wakati mmoja. Kasoro za namna hiyo huwatesa wahandisi kwa majuma, ilhali chanzo chake ni hatua chache tu zilizopangana vibaya.

Kwa kazi ya darasani niliamua kuichora ile programu ya kikoba. Nilichora maduara mawili: Hajalipa na Amelipa. Nikatoa majaribio yote yanayowezekana kutoka kwenye mchoro huo. Yakapita. Ile kasoro ilipita nayo, salama salimini.

Nilikaa na mchoro ule jioni nzima kabla sijaona. Palikosekana duara la tatu: Inasubiri. Nilipoliongeza, kitendo cha kubonyeza "Lipa" ndani yake kilikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza kutoka. Ofisini nilikuwa nimejaribu kwa Wi-Fi isiyokatika, kwa hiyo hali hiyo sikuwahi kukaa ndani yake hata sekunde moja. Mama yule aliishi humo kila siku.

Hapo ndipo nilipomwelewa Moore. Modeli inaweza kutembea kila njia iliyomo ndani yake, lakini haiwezi kutembea njia ambayo mchoraji hakuijua. Siku hizi, kabla sijachora duara la kwanza, natafuta mtu anayetumia kitu hicho mahali ambapo mtandao unasita, namwomba anionyeshe anavyofanya. Huwa nahesabu maduara kwa kumtazama kidole.