Mwanagenzi na Upinde wa Mti

Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, mvulana wa Kihadza hupewa upinde wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka 3 hivi, na tangu hapo haumtoki mkononi. Mtu angedhani basi kwamba aliyepelekwa shule ya bweni, akaikosa miaka hiyo ya porini, atarudi hajui kulenga. Watafiti Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe waliwapa Wahadza mtihani wa kupiga shabaha, na mwaka 2002 wakachapisha majibu: waliopoteza miaka yao shuleni hawakuwa nyuma ya wenzao waliokulia porini. Kuwinda ni elimu nyingine kabisa, ya nyayo, upepo na subira. Lakini kusimama mbele ya shabaha na kuupeleka mshale unakotakiwa, hilo halikudai utoto mzima.

Majibu hayo yananihusu kwa kuwa naishi Shauri Moyo, Nairobi. Mtaa huu ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipobomoa kijiji cha Pangani na kuwahamishia wakazi wake, wengi wao Waislamu, huku na Pumwani. Leo vijana wake ni wajukuu wa Wakamba, Wagikuyu, Waluo, Waluhya na wengineo, na kila upinde unapotajwa hakosi mtu wa kusema kwamba kulenga ni mambo ya damu: Mkamba huzaliwa nayo, wengine wasijisumbue. Siliamini neno hilo. Naamini kijana yeyote wa hapa anaweza kuumudu upinde wa mti, mradi afundishwe mtindo unaoufaa mti. Kazi iko hapo, maana mitindo ni mingi, na baadhi yake haikutungwa kwa ajili ya mti hata kidogo.

Nianze na mgongo, kwa sababu ndipo mila zinapokutana. Waata wa Tsavo, waliokuwa wakiitwa Waliangulu, walikuwa na pinde ndefu ambazo uzito wa kuzivuta umepimwa ukapita pauni 100, yaani kilo 45 na ushei. Kwa pinde hizo waliwinda ndovu, kwa mishale iliyopakwa sumu ya msunguti, sumu ambayo Wagiriama walikuwa mafundi wake wakubwa, mpaka msako wa miaka ya 1950 katika mbuga ya Tsavo ulipoivunja kazi hiyo. Uzito kama huo hauvutwi kwa misuli ya mkono. Mvutaji huusukuma upinde mbele huku akiyakaribisha makombe ya mabega yake nyuma, na mwili wake unaingia wote kati ya mti na upote.

Uingereza ya pinde ndefu iliyajua hayo. Askofu Hugh Latimer, akihubiri mbele ya Mfalme Edward VI mwaka 1549, alikumbuka jinsi baba yake alivyomfundisha kuutia mwili wake ndani ya upinde badala ya kutegemea nguvu za mikono. Akaongeza jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: baba huyo alimnunulia pinde kwa kadiri ya umri wake na nguvu zake, na kila mtoto alipokua, upinde nao uliongezwa. Wahadza, ambao hawajawahi kumsikia Latimer, hufanya vivyo hivyo: upinde wa mtoto ni wa kitoto, wa mtu mzima ni mgumu kweli kweli.

Mjini mambo huharibika hapo hapo mwanzoni. Kijana hutaka upinde wa babu siku ya kwanza. Akiuvuta, bega la mkono ulioshika upinde linapanda hadi karibu na sikio, kiuno kinaegemea nyuma, mikono inatetemeka, na mshale unaondoka kwa kuwa amechoka, si kwa kuwa amelenga. Tabia hiyo ikishaota mizizi ni kazi kuing'oa. Mtu mzima anayeanza atosheke na upinde wa pauni 20 hadi 25, mtoto nusu ya hapo. Jirani yetu mmoja, mzee aliyehamia hapa kutoka Kitui zamani, nilimkuta akimfundisha mjukuu wake kwa kijipinde chepesi.

"Babu, mkono unatetemeka," binti akasema.

"Basi rudisha polepole, mama. Usiachie."

Binti akaurudisha upote hadi upinde ukatulia, akashusha pumzi, akaanza upya. Katika mafunzo yote ya siku za mwanzo sioni agizo lenye faida kuliko hilo. Anayejua kurudisha hana haja ya kuogopa kuvuta. Na asiachie kamwe upote mtupu, bila mshale: nguvu iliyokuwa iende na mshale hurudi kwenye mti, na mti hupasuka.

Kwenye vidole, mila zinaachana. Mwaka 1885 Mmarekani Edward Morse aliandika juu ya namna watu wa dunia wanavyoushika na kuuachia mshale, na mgawanyo wake bado unatumika. Ulaya walizoea vidole vitatu, kimoja juu ya mshale na viwili chini yake. Kutoka Uturuki hadi Japani walivuta kwa kidole gumba. Wazee wa Kiislamu wa Pumwani na Shauri Moyo wanazijua hadithi za Mtume zinazousifu ufundi wa mishale, ila ni nadra kusikia ikisemwa kwamba waandishi wa Kiislamu waliouchambua ufundi huo, kama Taybugha wa zama za Wamamluki katika karne ya 14, walifundisha gumba, likikingwa kwa pete ngumu. Ni urithi unaostahili kujulikana hapa kuliko ulivyo sasa.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Kwa mtu wa mkono wa kulia, anayevuta kwa vidole vitatu huuweka mshale upande wa kushoto wa upinde, na anayevuta kwa gumba huuweka kulia, kwa sababu pale kidole cha shahada ndicho kinachoubana mshale ubavuni mwa mti. Mwanagenzi aliyetazama video ya Mturuki asubuhi na ya Mwingereza jioni huchanganya, kisha hushangaa mshale unapomwanguka kila avutapo. Ninawashauri wanaoanza waanze na vidole vitatu. Hata hapo mshale utawatoroka, na sababu utaiona ukiwatazama kwa karibu: wanaubana mkia wa mshale kati ya vidole kama kalamu, upote unajipinda, ncha inaondoka taratibu kwenye ngumi na kwenda kushoto. Upote ukae kwenye kiungo cha kwanza cha vidole, mgongo wa kiganja uwe umenyooka, mshale uguswe tu, usikabwe. Kichwa cha upinde kilazwe kidogo kulia ili mshale ulale juu ya mkono. Kiwiko cha mkono wa upinde nacho kigeuzwe nje, la sivyo upote utaichapa ngozi ya ndani hadi ivimbe. Kipande cha ngozi kutoka kwa mafundi viatu wa soko la Gikomba, kikifungwa kwa kamba mbili, ni kinga ya kutosha.

Sasa kushikilia, yaani ule muda kati ya kuvuta hadi mwisho na kuachia. Hapa nina ugomvi na mafunzo ya siku hizi. Mchezo wa Olimpiki una upinde wa chuma na kaboni, wenye kilengeo, na kibati kidogo kinacholia "tik" mvuto unapotimia. Shehzana Anwar, aliyeibeba bendera ya Kenya kule Rio mwaka 2016, alishindana kwa upinde wa aina hiyo, na shabaha ya Olimpiki iko umbali wa mita 70. Kwa chombo hicho kutulia, kuhakiki na kusubiri ni sawa. Katika kyudo ya Japani pia, hatua ya sita kati ya nane ni kukaa kwenye mvuto kamili kwa sekunde kadhaa. Ila upinde wao wa asili, wenye urefu wa zaidi ya mita 2, umeunganishwa kwa vipande vya mianzi na mbao. Haufanani tabia na fimbo moja iliyochongwa.

Fimbo moja huchoka. Ukiishikilia muda mrefu inaanza kuzoea kupinda, na siku ya baridi au ya uzembe inavunjika usoni pako. Roger Ascham, aliyeandika kitabu chake cha upinde mwaka 1545, aliugawa ufundi katika mambo matano: kusimama, kutega mshale, kuvuta, kushikilia na kuachia. La nne akalibana sana: liwe fupi kiasi cha kutambulika akilini mwa mpigaji kuliko kuonekana kwa macho, kwa kuwa kukawia kunahatarisha upinde na kuharibu pigo. Mkufunzi anayemwambia mtoto mwenye upinde wa mti ahesabu hadi tano anamwibia mtoto upinde wake. Avute hadi mahali pamoja kila mara, tuseme ncha ya kidole pembeni mwa mdomo, aguse, aachie.

Kutoka Japani nachukua mambo mengine mawili kwa mikono miwili. La kwanza ni hatua ya nane, kubaki jinsi ulivyo baada ya mshale kuondoka. Wengi huuangusha mkono wa upinde ili waone ulikotua, na mshale unaondoka nao. La pili ni bunda la majani makavu ambalo mwanagenzi hulipiga kutoka umbali wa urefu wa upinde tu, hata asiweze kukosa, ili akili yote ibaki mwilini. Kwa mtaa uliobanana kama huu, wenye watoto wanaokatiza kila pembe, hilo ndilo jawabu. Gunia likishindiliwa mabaki ya mitumba ya Gikomba, likaegemezwa kwenye ukuta usio na dirisha wala mlango, linatosha miezi mingi.

Mishale ya kuanzia iwe na ncha butu ya mti. Wahadza huponda misumari bila moto wakapata vichwa vya chuma, na fundi yeyote wa jua kali pale Kamukunji angeweza kufanya hivyo kabla ya chakula cha mchana, lakini hiyo si mishale ya mtaani. Kabla ya kupiga, weka ngumi kwenye mti na usimamishe gumba: upote ugusane na ncha yake. Ukimaliza, uvue upote, mti upumzike ukiwa umenyooka. Upinde wa pauni kubwa zaidi uje siku ambayo mwanagenzi atavuta kuanzia mshale wa kwanza hadi wa mwisho bila bega kupanda, na mwamuzi wa hilo awe mtu anayemtazama kutoka nyuma, penye makombe ya mabega.